Barua ya wazi kwa bodi ya Farm Aid: simu ya wakulima ipokelewe na kwa Kiswahili

Kwa Mzee Willie Nelson, kwa ndugu Neil Young, John Mellencamp na Dave Matthews, kwa dada Margo Price, na kwa wote mnaoiendesha Farm Aid, shirika la wanamuziki la kuwasaidia wakulima wa familia wa Marekani, kutoka Cambridge, Massachusetts.

Mzee Nelson, shikamoo. Na ninyi wengine, salamu nyingi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Ninyi mna uwezo wa kumtafuta mfasiri na kumlipa. Watu ninaowasemea hawana uwezo huo, na ni haki yao kujua nimesema nini kwa niaba yao kabla barua haijafika mezani kwenu. Mimi ni mkalimani. Siku za kazi mtanikuta zahanati, shuleni, mahakamani, nachukua maneno ya huyu nampelekea yule. Ikifika kiangazi, jioni na Jumamosi nakuwa shambani na kina mama na wazee wa Kikongo na Kirundi wanaolima kandokando ya mji mmoja wa katikati ya nchi hii ya Marekani. Huko halipwi mtu kwa kutafsiri, ila sirudi nyumbani mikono mitupu.

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili asiye na muda aishie hapa: ile simu yenu ya wakulima, 1-800-FARM-AID, ipokelewe na kwa Kiswahili. Yanayofuata ni sababu zake.

Wasomaji wangu wengi hawaijui historia yenu, kwa hiyo mniwie radhi nikiwasimulia mambo mliyoyafanya wenyewe. Tarehe 13 Julai 1985 nusu ya dunia ilikuwa mbele ya televisheni ikiangalia Live Aid, tamasha lililofanyika London na Philadelphia kwa siku moja kuwachangia watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa njaa. Bob Dylan alipopanda jukwaani Philadelphia alisema angetamani sehemu kidogo ya fedha zile, labda milioni moja au mbili, ikalipe madeni ambayo wakulima wa Marekani wanadaiwa na mabenki. Bob Geldof, mwandaaji, alichukia. Ukijiweka kwenye nafasi yake unamwelewa: watoto wanakufa kambini, halafu mtu anataja mashamba ya Marekani yaliyowekwa rehani! Lakini Nelson, Mellencamp na Young walilishika neno lile. Tarehe 22 Septemba mwaka huohuo, kwenye uwanja wa chuo kikuu huko Champaign, Illinois, watu wapatao 80,000 walinyeshewa mvua wakiwasikiliza kina Johnny Cash, Loretta Lynn, B.B. King na Tom Petty. Zikapatikana zaidi ya dola milioni 7. Hiyo ndiyo Farm Aid ya kwanza.

Kauli ile ya Dylan huwa inanirudia kichwani, na sababu yangu si ile ya Wamarekani. Siku ile mkulima wa Afrika na mkulima wa Marekani walisimamishwa kwenye foleni mbili: wa kwanza apewe unga, wa pili alipiwe deni. Miaka arobaini imepita. Yule wa foleni ya kwanza, au mtoto wake, sasa analima Kansas, Kentucky na Maine, na barua za madai anazipata kama mwenzake.

Turudi kwenye fedha, maana kuna hesabu ambayo waandishi wa habari za muziki hawaipigi. Katikati ya miaka ya 1980 wakulima wa Marekani walikuwa wanadaiwa kiasi cha dola bilioni 200. Walifikaje huko? Miaka ya 1970 Umoja wa Kisovyeti ulinunua nafaka kwa wingi, bei zikapaa, na Waziri wa Kilimo Earl Butz akawahimiza watu walime mpaka ukingoni mwa uzio. Mabenki yakakopesha kwa dhamana ya ardhi, na ardhi ilikuwa inapanda bei kila mwaka, basi nani angekataa. Kisha Benki Kuu chini ya Paul Volcker ikapandisha riba ili kuvunja mfumuko wa bei. Mwaka 1980 Rais Carter akazuia nafaka isiuzwe kwa Wasovyeti kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Bei ya mazao ikashuka, bei ya ardhi ikafuata, na mtu aliyekuwa tajiri kwenye karatasi akajikuta anadaiwa kuliko thamani ya shamba lake lote. Mkulima yeyote wa tumbaku Tabora au Urambo aliyewahi kukopeshwa pembejeo msimu wa bei nzuri akavuna msimu wa bei mbaya, hahitaji kufafanuliwa habari hii.

Milioni 7 kwa bilioni 200. Haifiki hata nusu senti kwa kila dola 100 za deni. Kama Farm Aid ingekuwa gitaa na harambee peke yake, ingezikwa palepale kwenye matope ya Champaign.

Haikuzikwa, kwa sababu hamkujaribu kulipa deni lote. Mlilipia watu wa kupokea simu, wa kusoma barua za benki, wa kumwambia mkulima kwamba hiki unachotishiwa hawana haki ya kukufanyia, na hiki wanayo, na zimebaki siku hizi kabla ya mnada. Mlivipa fedha vikundi vidogo vya vijijini vilivyokuwa vinafanya kazi hiyo bila hata karatasi ya kuandikia. Mwaka 1987 Nelson na Mellencamp walikwenda Washington kuwasemea wakulima Bungeni, na sheria ya mikopo ya kilimo iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka ule iliwalazimu wakopeshaji wa mfumo wa serikali kupanga upya deni pale ambapo kulipanga upya kunagharimu kidogo kuliko kumnyang'anya mtu shamba. Sentensi kavu kabisa, haiimbiki. Lakini ndiyo iliyowabakiza watu wengi mashambani, na iliandikwa kwa sababu kuna waliokuwa wamesikiliza simu za kutosha kujua kinachowaua wakulima ni nini.

Ndiyo maana siombi fedha, na siombi nafasi jukwaani. Naomba simu.

Njooni nayo mpaka kwetu. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyelelea watoto wake kambini Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku, alipata kijikaratasi chenu kwenye soko la wakulima. Akaniletea, kidole juu ya herufi.

"Hii namba iko na maneno ndani. Nitafinya wapi?"

Nikamwonyesha kwamba kwenye kioo cha simu, chini ya kila tarakimu, kuna herufi tatu au nne: F iko kwenye 3, A kwenye 2, R kwenye 7. Kioo chake kina ufa unaopita katikati ya tarakimu za kati na herufi za pale hazionekani. Tukaihesabu kwa kichwa, akaiandika upande wa boksi la nyanya kwa kalamu ya wino mzito: 1-800-327-6243. Halafu akauliza swali ambalo ndilo limeandika barua hii.

"Na wakipokea, nitawaambia Kiswahili?"

Hakupiga.

Alichotaka kuuliza kilikuwa kwenye bahasha. Mwenye ardhi alikuwa amemwandikia kwamba mkataba ukiisha hautahuishwa. Barua ile ilikaa ndani ya Biblia yake karibu mwezi mzima, kwa sababu aliidhani ni risiti ya kodi. Ilikuwa na jina lake, tarehe na kiasi cha fedha, na risiti ndivyo zilivyo. Nilipoisoma, tayari ardhini mlikuwa na kitunguu saumu alichokipanda Oktoba. Kitunguu saumu huku kinalala chini ya theluji na kuvunwa Julai. Mkataba ulikuwa unakwisha Desemba. Je, anaruhusiwa kurudi kuvuna alichokipanda? Je, mbolea ya majani na samadi aliyoijaza kwenye udongo ule miaka yote, udongo aliouanza ukiwa mgumu kama sakafu, ina thamani yoyote kisheria? Mimi najua kutafsiri, sijui sheria za ukodishaji wa mashamba. Kuna watu wanaojua, na wengi wao ninyi mnawajua kwa majina, kwa sababu mmekuwa mkiwafadhili tangu 1985.

Sasa najua mtakapokaa kikaoni kuna atakayeuliza, kwa upole: hawa ni wakulima, au ni watu wa bustani? Jibu lisitoke kwangu, litoke kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Kwa hesabu ya wizara, shamba ni mahali popote panapozalisha na kuuza, au ambapo kwa kawaida pangeweza kuuza, mazao ya dola 1,000 kwa mwaka. Fungu moja la lengalenga, ambalo wa Dar wangeliita mchicha, linauzwa dola 3 nje ya kanisa baada ya misa. Mafungu mia tatu na ushee, umeshakuwa shamba. Kina mama ninaowazungumzia wanayamaliza hayo kabla Agosti haijaisha, na bado hujahesabu bilinganya nyeupe, maharage, matembele, majani ya maboga na pilipili, wala yule mzee anayepanda mahindi ya kuchoma na kuyamaliza yote kwa simu kabla hayajafika sokoni.

Na ni familia. Baba anatoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, anapitia shambani kufungua maji, ndipo akalale. Watoto wanafunga mafungu kwa rababendi wakilalamika kwa Kiingereza. Bibi anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua, anakemea. Kama neno "shamba la familia" lina maana, sijui mngelitafutia wapi kwingine.

Wakati huohuo sensa ya kilimo ya 2022 ilikuta mashamba milioni 1.9 nchi nzima, wakati mwaka 2017 yalikuwa yamezidi milioni 2, na wastani wa umri wa wakulima ni miaka 58. Kila mwaka kwenye tamasha lenu husemwa kwamba tunahitaji wakulima wapya. Wapo. Wengine walianza kushika jembe wakiwa na miaka sita.

Niseme kidogo juu ya mwezi Machi 2025. Kulikuwa na utaratibu mzuri ambapo serikali kuu iliyapa majimbo fedha za kununua chakula kwa wakulima wa karibu, kikagawiwe kwenye ghala za misaada, na mwingine kama huo kwa ajili ya shule. Kwa wakulima wadogo ulikuwa soko la kwanza la uhakika: mtu anakuambia Februari nitachukua kreti kadhaa kila wiki, nawe unapanda ukijua. Mwezi ule wizara ikafuta fedha za awamu iliyokuwa inafuata, karibu dola bilioni 1 kwa jumla ya taratibu zote mbili. Wakulima wenye Kiingereza walisoma habari siku ileile, wakawapigia wabunge wao, wakaanza kutafuta mikahawa ya kuuzia. Kwetu miche ilikuwa tayari kwenye trei, imeota majani mawili mawili, na habari zilifika kwa uvumi: wengine walisikia mradi umefungwa, wengine walisikia wakimbizi wamekatazwa kulima. Mzee mmoja aliacha kabisa kumwagilia miche yake kwa sababu ya uvumi huo wa pili. Dakika kumi za simu kwa lugha yake zingetosha.

Haya si mageni kwenye nchi hii. Mwaka 1920 wakulima weusi wa Marekani walikuwa zaidi ya 900,000. Sensa ya 2022 haikufikisha hata 50,000. Hawakuacha kulima kwa uvivu. Kwenye kesi ya Pigford, iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 1999, wakulima weusi waliishtaki wizara kwa ubaguzi katika mikopo, na miongoni mwa malalamiko yao ni hili: fomu zinachukuliwa, zinakaa, na jibu linakuja msimu wa kupanda umeshapita. Hakuna aliyehitaji kumtukana mtu. Ilitosha kumchelewesha. Ninyi mnalijua hilo kuliko mimi, mmekuwa mkishirikiana na Federation of Southern Cooperatives, muungano wa ushirika wa wakulima weusi wa kusini, kwa miaka mingi. Nalitaja kwa sababu mtu asiyejua lugha anacheleweshwa hata na karani mwenye roho nzuri.

Mtaniambia lugha ni nyingi. Ni kweli. Wapo Wakaren wa Burma, Wanepali wa Bhutan, Wahmong wa Laos, Wasomali. Tukianza Kiswahili, kesho watakuja wengine. Waje. Lakini Kiswahili kina faida ambayo lugha nyingi za wageni huku hazina: mtu mmoja kwenye simu anawafikia Wakongo wa Kivu na Katanga, Warundi waliokulia kambi za Tanzania, Wanyarwanda wengi, Wakenya, Watanzania, Waganda kadhaa. Kwa miaka kadhaa kabla milango haijafungwa Januari 2025, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta wakimbizi wengi zaidi Marekani, na wengi wao walitoka mashariki, kwenye Kiswahili. Hata wazee wa Kirundi ambao Kiswahili chao ni cha kambini watakuelewa na watajieleza. Ukinipa lugha moja tu ya Afrika ya kuweka kwenye simu ya wakulima wa Marekani, sitachukua muda kuchagua.

Kihispania mmeshakiweka, na mlifanya vizuri. Hoja iliyowashawishi kuweka Kihispania ndiyo hiihii. Na kama tayari mna mkalimani wa kuunganishwa kwenye laini mtu akitaja lugha yake, basi sehemu kubwa ya ombi langu imekwisha kujibiwa, limebaki kulitangaza. Litangazwe kwa sauti, maana wengi wa hawa kina mama hawasomi Kiswahili wala Kiingereza kwa urahisi. Rekodini ujumbe wa sauti wa nusu dakika wa kusambazwa WhatsApp: namba isomwe kwa tarakimu, saa za kupiga zitajwe, na iambiwe wazi kwamba simu ni ya bure na kwamba hakuna atakayeuliza makaratasi ya uhamiaji. Hilo la mwisho msiliache, hasa siku hizi. Ujumbe huo utazunguka makundi ya makanisa kutoka Louisville mpaka Boise kabla hamjamaliza kikao.

Tafadhali, jambo moja: mkitufikiria, msianze kwa kutuita kupiga ngoma. Tumeshapiga ngoma kwenye kila siku ya tamaduni ya kila mji wa nchi hii, tumevaa vitenge, tumepigwa picha, tumepewa sambusa. Kwenye vibanda vyenu vya chakula mnajisifu, na kwa haki, kwamba kila kinacholiwa kimetoka kwa wakulima wa familia. Nunueni hapo. Kwenye jimbo lolote mtakalopeleka tamasha, ulizieni nani analima lengalenga na bilinganya, muwape oda miezi minane kabla, kwa bei ileile mnayomlipa jirani yao. Hiyo ni heshima kuliko ngoma.

Mnaweza kudhani watu hawa ni wa kusaidiwa milele. Nendeni Maine. Karibu na Lewiston kuna Wasomali Wabantu waliojiunga, wakaanza kulima kwa vikundi, na sasa wanalima eneo la zaidi ya ekari 100 huko Wales, ardhi iliyonunuliwa kwa utaratibu wa kuilinda isiuzwe tena kwa wajenzi. Miongoni mwao kuna wazee wanaozungumza Kizigua, lugha ya Handeni, kwa sababu mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanganyika katika karne ya 19, wakatoroka, wakalima kingo za mto Juba kwa vizazi kabla ya vita kuwafukuza Somalia. Mtu wa Tanga akiwasikia anashtuka. Wamehamishwa mara mbili, na kila walipofika walianza na mahindi. Au waulizeni Wahmong wa Minnesota, ambao walikodi eneo la ekari 155 kusini mwa Saint Paul, wakalilima kwa miaka, mpaka wakalinunua. Tofauti kati ya hao na yule mama wa kitunguu saumu si bidii. Hao walimpata mtu wa kuwasomea mkataba mapema.

Nimewataja Wahmong kwa sababu Septemba 2025 mlikuwa kwao, Minneapolis, kwenye sherehe ya miaka 40. Siku chache kabla, wafanyakazi wa chuo kikuu chenye uwanja ule waligoma, wakiwemo wapishi na wasafishaji. Mlisema wasanii na mafundi wenu hawatavuka mstari wa wagomaji, yaani hawatafanya kazi pale mgomo ukiendelea. Tamasha likawa linaning'inia, tiketi zimeuzwa, mpaka pande mbili zikaelewana. Nilifuatilia habari ile usiku kucha kama mtu anayefuatilia kura. Ndiyo iliyonipa moyo wa kuandika, kusema kweli, maana nimeona taasisi nyingi zenye maneno mazuri ambazo zisingekubali kuiweka rehani sherehe yao wenyewe kwa ajili ya wasafishaji.

Na baadhi yenu mna mnachokijua kuhusu haya bila mimi kuwafundisha. Mzee Nelson alichuma pamba akiwa mtoto huko Abbott, Texas. Margo Price alizaliwa kwenye familia iliyopoteza shamba lake katika miaka ileile ya 1980. Neil Young alitoka Kanada akapata uraia wa nchi hii mwaka 2020, akiwa mzee wa miaka sabini na minne, na naamini anakumbuka fomu zile. Dave Matthews amezaliwa Johannesburg. Bodi yenu ina watu waliohama na watu walionyang'anywa. Kwenye simu ya upande wa pili wako haohao.

Gharama yake haitawatisha. Hamhitaji ofisi mpya wala idara. Mnahitaji watu wawili au watatu wa zamu, wenye Kiswahili cha bara na masikio ya kuelewa cha Kongo, wanaojua tofauti ya mkataba wa mwaka na wa miaka mitano, wanaojua kwa nini mkulima mdogo aende kujiandikisha ofisi ya kilimo ya kaunti yake apewe namba ya shamba hata kama hana mpango wa kukopa. Hiyo namba ya shamba peke yake! Bila hiyo, mvua ya mawe ikipiga bustani yako, kwenye vitabu vya serikali hapakuwa na kitu. Wengi wetu hatuna, kwa sababu hakuna aliyetuambia ipo. Vijana waliokulia kwenye mashamba haya na sasa wako vyuoni wanasomea kilimo au sheria wapo, wanaongea lugha zote mbili na kuota kwa zote mbili, na wengine wanafanya kazi za kupakia mizigo kwa sababu hawajaona mahali ujuzi huu unapohitajika. Waajirini hao. Mkitaka kuwapata, tangazeni kwa Kiswahili.

Mkianza, angalieni kalenda. Kodi za mashamba tunayolima hulipwa Februari na Machi, kabla ya theluji kuisha, na mikataba mingi husainiwa siku hiyohiyo mtu anapotoa fedha, akiwa amesimama, kwenye boneti ya gari. Mbegu zinaagizwa Januari. Simu ikianza kupokelewa Mei, kwa msimu huo itakuwa ya kusikiliza majuto tu. Iwe hewani Desemba.